Daladala ya Tanga haikuuawa na bajaji

Lawama zimerudi pale pale. Kuanzia Kange hadi Ngamiani, dereva wa daladala akikaa nusu saa bila gari kujaa ananyoosha kidole ng'ambo ya barabara, bajaji zilikopanga foleni, na kusema: hao ndio waliotumaliza. Wa bajaji naye ana jibu lake, kwamba abiria hashikwi mkono, anapanda anachotaka. Katikati yao kuna watu wa vikao ambao kila mara huja na dawa moja, bajaji zibaki mitaani na barabara kuu waachiwe daladala. Mvutano huu hauko Tanga peke yake, Mbeya nako unajulikana. Lakini pande zote tatu zinajadili mwizi kabla ya kuuliza kama mlango ulikuwa umefungwa. Hoja ya makala haya ni kwamba daladala ya Tanga ilikuwa inaumwa kabla bajaji haijafika, na ugonjwa wake ni ule mtindo wa gari kutoondoka kituoni mpaka lijae. Bajaji ilipita kwenye ufa uliokuwepo. Ukiiondoa leo, ufa utabaki, na kitakachopita kesho kitakuwa kibaya kuliko bajaji.

Tanga si Dar es Salaam, na nusu ya makosa ya mjadala huu huanzia hapo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga, na ile ya 2022 ikakuta karibu laki nne. Dar es Salaam mwaka huo huo ilikuwa na watu milioni 5.38. Huko njia moja tu, ya Kimara hadi Kivukoni, ilikuwa na abiria wa kutosha kuanzishiwa mwendokasi mwaka 2016. Tanga haina njia ya namna hiyo. Watu wake wametawanyika: Raskazone na Sahare upande wa bahari, Ngamiani na barabara zake zilizopewa namba, Makorora, Msambweni, Mabawa, Mikanjuni, Duga, Mwakidila, kisha kamba ndefu inayofuata barabara ya Segera kupitia Majani Mapana, Kange na Maweni hadi Pongwe kwenye kiwanda cha saruji, na nyingine inayoelekea Amboni na Horohoro. Juu ya hapo kuna reli, ile iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, inayoitenga Ngamiani na mjini na kuyalazimisha magari yabanane kwenye vivuko vichache. Abiria wa Tanga ni mito mingi midogo. Gari kubwa linalosubiri lijae linataka bahari.

Mtindo wenyewe haukuzaliwa hapa. Magari ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi kubeba abiria Dar es Salaam mwaka 1983, yakapata jina kutokana na dala, sarafu ya shilingi tano, na desturi zake zikasafiri nayo mikoani: konda mlangoni, mpiga debe anayelipwa gari likijaa, dereva anayempelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya kila siku, kiasi kile kile hata siku ikiwa mbaya, na foleni ya zamu ambamo gari la pili halipakii mpaka la kwanza litoke. Mahali ambapo abiria wanamiminika desturi hizi hazina madhara makubwa, kwa kuwa gari hujaa kabla ya dereva kumaliza kahawa. Mahali ambapo abiria anakuja mmoja mmoja, zinageuka kitanzi.

Tuipige hesabu, maana ndipo ubishi unapokwisha. Chukua kituo ambacho kila dakika anafika abiria mmoja. Hiace ya viti 15 itajaa kwa robo saa. Aliyepanda wa kwanza atakaa ndani dakika 14 akipigwa na jua la kiooni, wa mwisho hatasubiri kabisa, na kwa wastani kila mmoja atakuwa amepoteza dakika saba. Bajaji ya watu watatu kwenye kituo hicho hicho inajaa kwa dakika tatu, na wastani wa kusubiri ni dakika moja. Hapo bado hatujagusa mwendo, raha wala adabu za konda. Sasa tuseme katika kila abiria watatu, wawili wamehamia kwenye bajaji. Hiace inapata abiria mmoja kila dakika tatu, na ili ijae inataka dakika 45. Yule mwaminifu aliyebaki, ambaye jana alisubiri dakika saba, leo kwa wastani anasubiri zaidi ya 20. Kesho naye atavuka barabara. Kwa hiyo bajaji haihitaji kuwa na bei nafuu wala kuwa ya kifahari ili kuimaliza Hiace. Inatosha kuwa ndogo. Kila abiria inayemchukua anaifanya Hiace iwe mbaya zaidi kwa wale waliobaki, na mzunguko huo hausimami wenyewe. Waja leo waondoka leo, ndivyo Tanga inavyosifiwa; aliyeketi siti ya nyuma akisubiri watu wanne wa mwisho ana mashaka na hiyo nusu ya pili.

Kuna hasara nyingine ambayo husahaulika kwa sababu haionekani ukiwa kituoni. Gari lililotoka likiwa limejaa halina nafasi ya mtu aliye njiani. Anayekaa katikati ya ruti, tuseme Majani Mapana au Mabanda ya Papa, anaona magari matatu yakimpita yamejaa, konda akimpungia mkono, kisha nusu saa haoni gari lolote. Huyu hakunyang'anywa na bajaji. Daladala ilimkataa kwanza. Na kwenye mji uliotandazwa kama huu, watu wa katikati ya ruti kwa pamoja ni wengi kuliko wa mwanzoni. Ukitazama bajaji ya kushea inapopata abiria wake, mara nyingi si kwenye kituo kikuu. Ni kwenye kona, chini ya mwarobaini, mbele ya duka la mtaa, sehemu ambazo mfumo wa kujaza umezifuta kwenye ramani yake bila mtu kuamua.

Tuingie kwenye fedha. Tufanye mfano wa ruti ya kilomita 8, mwendo wa dakika 25 kwenda, nauli shilingi 600, ambayo ndiyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyoipanga Desemba 2023 kwa umbali usiozidi kilomita 10, ikiipandisha kutoka 500. Hiace hiyo inakula lita moja kwa kilomita 8, na lita tuihesabu shilingi 3,000. Siku ya kazi ni saa 14, yaani dakika 840. Gari likijaa kwa robo saa, kila tripu inakula dakika 40, siku inatoa tripu 21, makusanyo ni 189,000, mafuta 63,000, zinabaki 126,000. Likijaa kwa dakika 45, tripu inakula dakika 70, siku inatoa tripu 12, makusanyo 108,000, mafuta 36,000, zinabaki 72,000. Tajiri hajali gari lilisubiri muda gani; hesabu yake, tuseme 60,000, iko pale pale. Katika hali ya kwanza dereva na konda wanagawana 66,000. Katika hali ya pili wanagawana 12,000, na bado mpiga debe hajalipwa. Badili tarakimu utakavyo, weka hesabu ya elfu 50 au mafuta ya bei nyingine. Umbo la jambo halibadiliki. Kinachopungua kwanza ni kipato cha wale wawili walioko ndani ya gari, na ndio wenye uwezo wa kuiharibu huduma. Hapo ndipo zinapoanza tabia tunazoziita utovu wa nidhamu: kukatisha ruti, kubananisha watu watano kwenye siti ya wanne, kumpa deiwaka, yule dereva wa kushikiza, gari kuanzia alasiri ili dereva akapumzike, kuahirisha kubadilisha tairi mpaka nyuzi zionekane.

Na wanafunzi. Mwanafunzi analipa 200, yaani pungufu ya 400 kwa kila siti. Kwenye siku ya tripu 12, kila tripu inawaachia dereva na konda shilingi 1,000. Wanafunzi watatu wakikaa kwenye siti wamepunguza 1,200, tripu imeingia hasara, na fedha hiyo haitoki kwa tajiri wala kwa Serikali iliyoamua punguzo, inatoka mfukoni mwa konda. Kisha tunashangaa kwa nini anawazuia watoto mlangoni kwa mkono, akisubiri watu wazima wapande kwanza. Konda mwenye roho nzuri ataumia zaidi ya mwenye roho mbaya. Mfumo umeshapanga hivyo. Hili ni muhimu kwa mjadala wetu, kwa sababu hoja nzito kuliko zote za kuitetea daladala ni hii ya wanafunzi. Bajaji haina wajibu wa kumbeba mwanafunzi kwa 200, na kwa viti vitatu haiwezi. Daladala zikifa kabisa, mzazi wa Mwakidila mwenye watoto wawili wanaosoma mjini ndiye atakayelipia msiba.

Bajaji nayo ina sifa zake za haki, tusizifiche. Kwanza inaingia mtaani. Kutembea dakika kumi hadi kituoni ni sehemu ya safari, ingawa hesabu za nauli haziioni, na wakati wa masika, njia za Mikanjuni zikiwa tope, dakika hizo kumi ndizo safari yenyewe. Pili ipo usiku. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, basi linaweza kumwaga watu stendi ya Kange saa tisa usiku, kilomita kama sita kutoka mjini, wakiwa na mabegi, watoto na gunia la viazi vya Lushoto. Daladala haipo saa hiyo, na haitakuwepo, kwa sababu gari la kujaza haliwezi kujaa usiku. Tatu ni mkataba. Madereva wengi wa bajaji wanapeleka fedha kwa mwenye chombo kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, kisha chombo kinakuwa chao. Mtu wa namna hiyo hubadilisha oili kwa wakati, husikia beringi ikianza kulia kabla abiria hajaisikia, na hakubali deiwaka aguse usukani. Ukilinganisha na Hiace iliyopita mikono minne kwa wiki, utajua kwa nini kimoja kinang'aa na kingine kinavuja.

Lakini wanaoitetea bajaji kwa kusema soko liamue wanaruka mambo yaliyo mbele ya macho yao. Chombo hiki kimesajiliwa kubeba abiria watatu nyuma, na saa kumi na mbili jioni wa nne anakaa mbele, kwenye kipande cha siti ya dereva. Angalia kinachotokea hapo. Dereva anasukumwa kutoka katikati, kiwiko chake kinagongana na goti la abiria kila anapokata kona, na mkono wa kushoto, ambao ndio wa klachi na gia, unakosa nafasi ya kujikunja sawasawa. Bajaji ina tairi moja mbele na mbili nyuma. Ikikata kona huku imeshikwa breki, uzito unakimbilia mbele na nje, mahali ambapo hakuna tairi la kuupokea, na ndiyo maana hupinduka kwenye kona ambayo gari dogo lingepita bila kuyumba. Abiria wa nne anaongeza uzito pale pale usipotakiwa. Tairi zake ni ndogo, za rimu ya inchi 8, kwa hiyo shimo ambalo Hiace inalivuka kwa kishindo, bajaji inaliingia. Uzito wa kupita kiasi huonekana kwanza kwenye shokapu za nyuma na bushi, kisha kwenye sahani za klachi zinazoungua kwa simama-ondoka ya siku nzima, mwisho kwenye kebo ya klachi inayokatika katikati ya kivuko cha reli, siku ambayo kila mtu ana haraka.

Kuna pia suala la nafasi na mafuta, na hapa wa daladala wana haki ingawa wanaieleza vibaya. Watu 15 wanahitaji bajaji tano. Kila moja ina urefu wa kama mita 2.6, ukiacha mita moja kati yao, zinakula mita 18 za barabara, wakati Hiace moja na nafasi yake haizidi mita sita. Mitaa ya ndani ya Ngamiani hili halisumbui, barabara zimenyooka na ziko nyingi. Kwenye vivuko vya reli na kwenye mizunguko ya kuingia mjini asubuhi linasumbua sana. Mafuta nayo: bajaji inayokwenda kilomita 25 au 30 kwa lita itatumia karibu theluthi ya lita kwenye ruti yetu ya kilomita 8, na tano zitatumia lita moja na nusu hivi, dhidi ya lita moja ya Hiace. Lakini hesabu hiyo inasimama gari likiwa limejaa. Hiace yenye watu wanane haina faida tena, kwa kuwa watu hao wangebebwa na bajaji tatu kwa mafuta yale yale. Kwa hiyo hakuna chombo kilicho bora siku nzima. Kuna saa za gari kubwa na saa za dogo.

Ndiyo maana hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa vikaoni, ya kuchora mpaka. Inasikika ya busara: bajaji ziwalete watu hadi barabara kuu, daladala ziwapeleke mjini. Mfuate abiria mmoja uone. Anatoka Mikanjuni ndani kwenda hospitali ya Bombo. Leo anapanda bajaji moja ya kushea. Kesho yake, baada ya mpaka, atapanda bajaji hadi barabara kuu na kulipa, atashuka na mgonjwa wake, atasubiri Hiace ijae au impite ikiwa imejaa, atalipa mara ya pili, kisha huenda akahitaji chombo cha tatu hadi getini. Safari imekuwa ghali na ndefu ili gari fulani lipate mtu wa kuketi. Hatakubali. Atakachofanya ni kuita bodaboda, ambayo haijui mpaka, haina mlango, na inabeba wawili au watatu mgongoni bila kofia. Amri ya kuwatoa bajaji barabara kuu, bila kugusa kusubiri kule kituoni, ni amri ya kuwahamishia abiria kwenye pikipiki. Hata daladala haitapona, kwa sababu abiria atakayerudi kwa kulazimishwa atakaa tena ndani ya gari lililozimwa injini.

Kinachotakiwa ni gari kuondoka kwa saa. Neno ratiba likitajwa wenye magari hucheka, wanaona ni mambo ya reli, kwa hiyo turudi kwenye ruti yetu. Dakika 25 kwenda, 25 kurudi, mapumziko ya dakika tano kila mwisho: mzunguko mmoja ni dakika 60. Ukitaka gari litoke kila baada ya dakika kumi, unahitaji magari sita. Si sitini. Kila gari litafanya mizunguko 14 kwa siku, yaani tripu 28 badala ya 12. Mafuta yatapanda hadi 84,000, hilo tusilifiche. Likibeba wastani wa watu tisa kwa tripu litakusanya 151,200 na kubakiwa na 67,200, kidogo chini ya 72,000 ya gari linalosubiri. Likibeba kumi litakusanya 168,000 na kubakiwa na 84,000. Mpaka wa faida uko hapo, kati ya abiria tisa na kumi, kwenye gari la viti 15. Na kumi ni tarakimu inayofikika, kwa sababu gari linalotoka na watu watano lina viti kumi vya kuwapa wale wa Majani Mapana waliokuwa wanapungiwa mkono, na kiti kimoja kinaweza kuuzwa mara mbili katika tripu moja. Abiria naye anajua kwamba hata akichelewa sana, la pili ni dakika kumi. Wastani wa kusubiri kwake ni dakika tano, popote alipo kwenye ruti. Hapo tofauti yake na bajaji inaanza kuwa ndogo.

Pa kuharibikia panajulikana mapema. La kwanza ni dereva anayetoka kwa saa kisha akajivuta njiani, anatambaa kwa mwendo wa baiskeli ili ale abiria wa kituo kinachofuata na kumfilisi aliye nyuma yake. Msimamizi wa kituo cha mwanzo hawezi kulizuia hilo kwa sababu halioni. Anahitajika mtu wa pili katikati ya ruti, mwenye saa na daftari, na aliyechelewa zaidi ya dakika tatu bila sababu apoteze zamu yake inayofuata. La pili ni hesabu yenyewe. Maadamu dereva anapeleka kiasi maalumu kwa tajiri, kila kiti kitupu ni njaa yake binafsi, na hakuna adhabu itakayomfanya atoke na watu watano. Magari sita ya ruti moja lazima yakusanye kwenye kapu moja, wenye magari wagawane kwa tripu zilizofanyika, na dereva na konda walipwe kwa siku. Umoja wa wenye daladala unaoweza kusimamia foleni ya zamu unaweza kusimamia kapu. Kazi ni ile ile ya kuandika gari gani limetoka saa ngapi. Na hapo hapo nauli ya mwanafunzi inaacha kuwa vita ya mlangoni, kwa sababu konda analipwa hata gari lote likiwa na sare za shule. La tatu ni saa za ukame, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Hapo gari kila dakika kumi ni anasa. Toa magari matatu, acha matatu yatoke kila baada ya dakika 20, mengine yakaoshwe na kukazwa nati.

Ratiba haitaishi kama bajaji zitakuwa huru kuchota abiria mdomoni mwa Hiace saa za asubuhi zenye watu, kisha kuwaachia daladala saa za ukame. Kwa hiyo kizuizi kipo, ila ni kidogo kuliko kinachodaiwa: kwenye ruti mbili au tatu zenye ratiba, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi na muda kama huo jioni, bajaji za kushea zipakie kwenye barabara za pembeni, hatua hamsini kutoka kituo cha daladala. Kwingine kote zifanye kazi. Badala yake zipewe kitu ambacho hazina leo, yaani kutambuliwa. Leseni ya bajaji ni ya chombo cha kukodi, kama teksi, wakati kazi ambayo jiji zima linaiona ni ya kubeba watu kwa kichwa kwenye njia inayojulikana. Kilicho nje ya karatasi hakiwezi kukaguliwa. Askari anabaki na makosa ya kubahatisha na dereva anabaki na fedha ya kubahatisha mfukoni. Andika njia ubavuni, andika nauli ya kichwa, weka namba kubwa nyuma, na wa nne asikae mbele. Hilo la mwisho litauma, kwa kuwa yule wa nne ndiye faida ya tripu, na nauli ya watatu itabidi ipangwe kwa kuhesabu watatu kweli.

Ruti ya kuanzia ni Kange hadi mjini na kuendelea Raskazone, kwa sababu ina mwanzo wenye watu, mwisho wenye ofisi, na katikati iliyosahauliwa. Pongwe ifuate, kwa saa za zamu za kiwanda. Wala tusiwasahau wapanda baiskeli, ambao katika mji tambarare kama huu walishatatua tatizo la kusubiri kabla ya sisi wengine. Kila meta ya bega la barabara inayogeuzwa kituo cha bajaji au cha Hiace imechukuliwa kwao, na hawana umoja wa kuja kulalamika.

Kabla ya kikao kingine cha kugawana barabara, kifanyike kitu kimoja cha bei rahisi. Watu wawili wakae siku nzima, mmoja Kange na mwingine Mabanda ya Papa, waandike kila daladala ilifika saa ngapi, ikaondoka saa ngapi, na wangapi ndani. Na kwa kila bajaji, abiria wangapi na walipandia wapi. Kalamu, daftari na saa ya simu vinatosha. Iwe siku ya shule, isiwe ya mvua, na isiwe Ijumaa, maana Ijumaa mchana mji wote husimama kwa saa nzima na daftari litadanganya.